Tahadhari ya Akili Mnemba Ikitokea Wodini: Mwongozo Kamili kwa Muuguzi wa Zamu

Wauguzi wengi wanaofanya kazi na mifumo ya akili mnemba wanakwama mahali pamoja. Skrini inawaka nyekundu, inasema mgonjwa fulani yuko hatarini, na muuguzi hajui aifanyie nini taarifa hiyo. Mmoja anaifunga bila kuisoma kwa sababu tangu asubuhi imekuwa ikilia bure. Mwingine anaiamini papo hapo, anampigia daktari simu kabla hajamgusa mgonjwa, na akiulizwa "anapumua mara ngapi kwa dakika?" anabaki kimya. Wote wawili wamemwacha mgonjwa bila msaada.

Mwongozo huu ni wa kazi moja tu: kupokea tahadhari ya mfumo unaotabiri kwamba mgonjwa anazidiwa, kuipima, kuchukua hatua na kuiandika. Unawahusu wagonjwa watu wazima waliolazwa. Utakachokiona katika kila hatua ni kwamba kompyuta haimwoni mgonjwa. Inaona kile ambacho muuguzi amepima na kuandika, basi. Ndiyo maana hatua mbili za kwanza zinafanyika kabla tahadhari yoyote haijatokea.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya zamu

- Saa yenye mshale wa sekunde.
- Mashine ya presha, themometa na oksimita (kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni) zinazofanya kazi, pamoja na mikanda ya presha ya ukubwa tofauti. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa presha ya juu kuliko ilivyo.
- Chati ya alama za NEWS2 (utaratibu wa kujumlisha vipimo vya mwili ili kugundua mapema mgonjwa anayezidiwa), au ile inayotumika hospitalini kwenu, iliyochapishwa kwenye karatasi. Mtandao ukikatika utaihitaji.
- Utaratibu wa kuita msaada: nani anaitwa kwa alama zipi, anapatikana kwa namba gani, na nani anafuata asipopokea.
- Akaunti yako mwenyewe ya kuingilia kwenye mfumo. Usitumie nywila ya mwenzako hata kwa dakika moja, kwa sababu kila unachobonyeza kinarekodiwa kwa jina la mwenye akaunti.
- Maelezo ya ukurasa mmoja kuhusu mfumo wenu. Kama hayapo, hatua ya kwanza ni kuyatafuta.

## Hatua ya 1: Jua mfumo wenu unasoma nini

Mwendee anayesimamia mfumo hospitalini ukiwa na maswali manne. Unatabiri nini hasa: sepsisi (mwili kujidhuru wenyewe unapopambana na maambukizi), moyo kusimama, kuhamishiwa chumba cha uangalizi maalumu, au kifo? Unasoma taarifa zipi: vipimo vya mwili, majibu ya maabara, dawa, au hata maelezo ya wauguzi? Unakokotoa upya kila baada ya muda gani? Na umewahi kujaribiwa kwa wagonjwa wa hospitali hii, au umefungwa tu na kuwashwa?

Swali la nne ndilo lenye uzito. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliopima mfumo wa kutabiri sepsisi wa kampuni ya Epic katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kwa kuangalia matukio 38,455 ya kulazwa. Mfumo huo ulikuwa tayari unatumika katika mamia ya hospitali. Ulikosa kuwabaini asilimia 67 ya wagonjwa waliokuwa na sepsisi, na bado ulitoa tahadhari kwa asilimia 18 ya wote waliolazwa. Muuguzi aliyekuwa akisubiri skrini imwambie alikuwa anawakosa wagonjwa wawili kati ya kila watatu.

Siyo kwamba mifumo yote iko hivyo. Utafiti wa TREWS, mfumo mwingine wa kugundua sepsisi uliotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba wagonjwa wa sepsisi ambao tahadhari yao ilithibitishwa na mtoa huduma ndani ya saa 3 walikufa kwa kiwango cha chini kwa takriban asilimia 18.7 kulinganisha na wale ambao yao haikuthibitishwa ndani ya muda huo. Zingatia kilichopimwa hapo: mtu kuishughulikia tahadhari mapema. Tahadhari ambayo hakuna aliyeigusa haimsaidii mgonjwa hata ikiwa sahihi.

Onyo: uliza kama mfumo unafaa kwa wajawazito na watoto. NEWS2 yenyewe haitumiki kwa walio chini ya miaka 16 wala kwa wajawazito, kwa sababu miili yao ina viwango vingine vya kawaida. Mfumo uliofundishwa kwa watu wazima utakosea kwao kwa namna hiyohiyo.

Utajua umefaulu ukiweza kumweleza mwanafunzi wa uuguzi, bila kusoma popote, mfumo wenu unatabiri nini, unatumia nini na nani hauwahusu.

## Hatua ya 2: Pima kweli, ingiza papo hapo

Hapa ndipo mambo yanapoharibikia, na ndipo muuguzi ana nguvu kuliko mtu mwingine yeyote katika mnyororo mzima.

Anza na upumuaji. Katika wodi nyingi ukifunua chati utakuta wagonjwa wote wanapumua mara 18 au 20 kwa dakika, aliyetoka kufanyiwa upasuaji na anayesubiri kuruhusiwa. Hiyo siyo hesabu, ni makadirio ya macho. Na upumuaji kuongezeka ni mojawapo ya ishara za mapema kwamba mgonjwa anaharibikiwa. Ukiandika 18 wakati ni 24, umeuambia mfumo kwamba mgonjwa ni mzima, nao utakuamini.

Hesabu kwa sekunde 60 kamili. Shika kifundo cha mkono kana kwamba bado unahesabu mapigo, kisha angalia kifua. Mgonjwa akijua unahesabu pumzi zake hubadilisha namna anavyopumua.

Pili, ingiza vipimo hapohapo ulipovichukua. Kuna mazoea ya kuandika kwenye kipande cha karatasi na kuingiza vyote kwa mpigo kabla ya makabidhiano. Kwa faili la zamani hilo halikuwa na madhara makubwa. Kwa mfumo unaokokotoa hatari saa hadi saa, vipimo vya saa nne usiku vikiingizwa saa kumi na moja alfajiri, tahadhari iliyopaswa kutokea usiku itatokea kunapambazuka.

Tatu, chunguza oksimita kabla ya kuikubali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliangalia wagonjwa ambao oksimita ilisoma kati ya 92 na 96. Miongoni mwa wagonjwa weusi, asilimia 11.7 walikuwa na oksijeni halisi ya chini ya 88 ilipopimwa kwa damu ya ateri. Miongoni mwa weupe ilikuwa asilimia 3.6. Namba hiyo yenye kasoro inaingia moja kwa moja kwenye hesabu za mfumo, na mfumo hauna namna ya kujua. Kwa hiyo pasha kidole joto kama kina baridi, futa rangi ya kucha, na angalia rangi ya ulimi na ndani ya midomo. Mgonjwa mwenye ngozi nyeusi anayehangaika kupumua huku oksimita ikisema 94, usimtulize kwa namba. Omba kipimo cha gesi za damu ya ateri kama kipo.

Nne, andika wasiwasi wako kwa maneno. "Hajala jioni, amejikunja, hataki kuongea" ni taarifa ya kitabibu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walitengeneza mfumo uitwao CONCERN unaosoma mwenendo wa uandishi wa wauguzi: nani anapimwa nje ya ratiba, nani anaandikiwa maelezo zaidi, dawa gani imezuiwa. Mantiki yake ni rahisi. Muuguzi akianza kumrudia mgonjwa mara kwa mara, ameshahisi jambo kabla vipimo havijabadilika. Jaribio lao lililochapishwa mwaka 2025, lililohusisha matukio 60,893 ya kulazwa, lilikuta hatari ya kifo imepungua kwa asilimia 35.6 katika wodi zilizotumia mfumo huo. Yaani kilichoisaidia kompyuta kutabiri vizuri ni hisia za wauguzi zilizoachiwa alama kwenye chati.

Utajua umefaulu ukikuta saa ya kipimo na saa ya kuingizwa kwenye mfumo zinatofautiana kwa dakika chache tu, na upumuaji wa wagonjwa wako haufanani wodi nzima.

## Hatua ya 3: Tahadhari ikitokea, nenda kitandani kwanza

Soma jina na namba ya kitanda, kisha nyanyuka. Usianze kufungua kurasa za mfumo kutafuta kwa nini umelia. Sababu ni mbili. Kwanza, kama mgonjwa amezidiwa kweli, dakika unazotumia kwenye skrini ni zake. Pili, ukishaona "hatari ndogo" au "hatari kubwa", macho yako yataenda kutafuta kinachokubaliana na maneno hayo.

Kama umeshikwa na mgonjwa mwingine, mtume mwenzako kwa kumtaja jina: "Nenda kamwone mgonjwa wa kitanda cha 9 sasa hivi, uniletee vipimo." Ukisema kwa jumla "mtu aende akamwone", hakuna atakayekwenda.

Ukifika, mwite mgonjwa kwa jina. Akijibu kwa sauti safi, njia ya hewa iko wazi na ubongo unapata damu. Muulize yuko wapi na sasa ni asubuhi au usiku. Linganisha na alivyokuwa ulipomwona mara ya mwisho, na kama kuna ndugu karibu muulize: "Hivi ndivyo alivyo siku zote?" Ndugu anayesema "leo hayuko sawa" mara nyingi ameona kitu ambacho wewe huwezi kukiona.

Hesabu pumzi. Angalia kama anatumia misuli ya shingo. Pima oksijeni, mapigo, presha na joto upya. Usitumie vya saa mbili zilizopita. Bonyeza ncha ya kidole chake kwa sekunde chache, uachie, uhesabu rangi inarudi baada ya muda gani. Ikizidi sekunde 3, damu haifiki vizuri pembezoni. Gusa miguu. Tazama mfuko wa mkojo: mtu mzima anapaswa kutoa angalau mililita 0.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa saa, kwa hiyo mwenye kilo 60 akitoa chini ya mililita 30 kwa saa, hilo ni jambo la kuripoti.

Kisha funua shuka. Kidonda kinatoa nini, mahali pa kanula pamevimba, tumbo limekaza, dripu bado inapita? Oksijeni imechomoka ukutani? Hata mfumo mzuri kiasi gani hauwezi kufunua shuka.

Onyo la kwanza: usimwondoe mgonjwa kwenye hatari kwa sababu hana homa. Wazee na wenye kinga dhaifu wanaweza kuwa na sepsisi joto likiwa la kawaida au la chini, na parasetamoli aliyomeza jioni huficha homa. Vivyo hivyo, anayetumia dawa za kupunguza kasi ya moyo anaweza asiwe na mapigo ya juu.

Onyo la pili: mgonjwa akiwa haitiki, hapumui au anapumua kwa kukata roho, achana na hatua zinazofuata. Ita timu ya dharura na anza kumhudumia.

## Hatua ya 4: Hesabu alama zako, kisha ulinganishe na mfumo

Sasa unaweza kuhesabu. NEWS2 ina vitu saba: upumuaji, oksijeni, kama yuko kwenye oksijeni ya ziada, presha ya juu (namba ya kwanza ya presha), mapigo, ufahamu na joto. Kila kimoja kinapewa alama 0 hadi 3, isipokuwa oksijeni ya ziada ambayo ni 0 au 2. Jumla ya 5 au 6 inahitaji tathmini ya haraka. Jumla ya 7 au zaidi inahitaji timu yenye ujuzi wa wagonjwa mahututi. Kipimo kimoja kikiwa na alama 3 peke yake, hilo nalo linahitaji daktari aje mapema.

Tuchukue mfano. Mama wa miaka 64, siku ya pili baada ya upasuaji wa utumbo. Saa nne usiku vipimo vyake vyote vilikuwa vya kawaida, alama 0. Saa nane usiku mfumo unatoa tahadhari. Unamkuta hivi:

- Upumuaji 22: alama 2
- Oksijeni 95, hajawekewa oksijeni: alama 1
- Presha ya juu 104: alama 1
- Mapigo 106: alama 1
- Joto 37.9: alama 0
- Macho wazi, anaongea: alama 0

Jumla ni 5. Hakuna namba hata moja hapo inayotisha ukiitazama peke yake, na joto linahesabiwa kuwa la kawaida. Lakini wakati unafunga mkanda wa presha amekuuliza mara mbili kama ameshafika hospitali. Jioni alikuwa anakutajia majina ya wajukuu wake wote. Huo ni mkanganyiko mpya, na kwenye NEWS2 mkanganyiko mpya ni alama 3. Jumla sasa ni 8.

Alama hizo tatu zimetoka kwenye mazungumzo. Zingekuwa hazipo kabisa kwenye kompyuta kama ungepima bila kumsikiliza, na mgonjwa angebaki kwenye kundi la "tathmini ya haraka" badala ya "ita timu sasa".

Baada ya hapo ndipo ufungue mfumo uone umesema nini. Mifumo mingi huonyesha vigezo vilivyochangia. Vikifanana na ulivyoona, vizuri. Visipofanana, angalia kama kuna kipimo kilichoingizwa kimakosa: joto la 83.7 badala ya 38.7, au vipimo vya kitanda cha jirani.

Onyo: wagonjwa wenye ugonjwa sugu wa mapafu ambao daktari amewawekea lengo la oksijeni la 88 hadi 92 wanahesabiwa kwa safu ya pili ya oksijeni kwenye NEWS2. Ukitumia safu ya kwanza utawapa alama za hatari wasizostahili, na huenda ukawaongezea oksijeni inayowadhuru.

## Hatua ya 5: Chagua njia moja kati ya tatu

Hali ya mgonjwa ni mbaya, yaani alama 5 au zaidi, au alama 3 kwenye kipimo kimoja: nenda hatua ya 6 mara moja, hata kama mfumo umesema hatari ni ya kati.

Mgonjwa ana mashaka, yaani alama 1 hadi 4 au hisia yako haijatulia: mjulishe muuguzi kiongozi wa zamu, na panga kupima tena. NEWS2 inasema angalau kila saa 4 hadi 6 kwa kundi hili, lakini baada ya tahadhari mimi ningepima tena ndani ya saa moja. Mwelekeo wa vipimo viwili unasema mengi kuliko kipimo kimoja.

Mgonjwa ni mzima na sababu ya tahadhari inaeleweka: ifunge, lakini kwa sababu iliyoandikwa. Kubonyeza "nimeona" bila kumwona ni kuandika uongo kwenye kumbukumbu ya kisheria.

## Hatua ya 6: Piga simu kwa vipimo, usipige kwa jina la kompyuta

Usianze na "mfumo unasema". Daktari aliyeamshwa mara nyingi na tahadhari zisizo na kitu akisikia maneno hayo anapunguza uzito wa yote yanayofuata. Anza na mgonjwa. Fuata mpangilio wa SBAR: hali ilivyo, historia, tathmini, ombi. Kwa mama wa mfano wetu:

"Daktari, mimi ni muuguzi wa zamu wodi ya upasuaji. Nakupigia kuhusu mgonjwa wa kitanda cha 9, nina wasiwasi ana sepsisi. Ni mama wa miaka 64, siku ya pili baada ya upasuaji wa utumbo, hana mzio wa dawa. Saa nne alikuwa sawa kabisa. Sasa upumuaji ni 22, oksijeni 95 bila msaada, presha 104 kwa 60, mapigo 106, joto 37.9, na amechanganyikiwa, hajui yuko wapi. NEWS2 ni 8. Tumbo limekaza kuliko jioni. Mfumo nao umetoa tahadhari saa nane kamili. Naomba uje sasa hivi. Wakati unakuja, niweke kanula ya pili na kuchukua damu ya kuotesha na ya laktati?"

Tahadhari imetajwa, ila mahali pake: inaunga mkono tathmini ya muuguzi, haichukui nafasi yake.

Ombi liwe wazi, na liwe na muda. Mwongozo wa kimataifa wa sepsisi wa mwaka 2021 unataka antibayotiki zianze ndani ya saa 1 pale sepsisi inapoelekea kuwa dhahiri au kuna mshtuko (presha kushuka hadi damu haifiki vizuri mwilini). Kama hakuna mshtuko na bado kuna shaka, tathmini ifanyike haraka, na shaka ikibaki antibayotiki zianze ndani ya saa 3. Damu ya kuotesha, yaani ya kutafuta vijidudu maabara, ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza mradi haicheleweshi dawa. Ukipewa agizo kwa simu, lirudie kwa sauti, dozi na njia ya kutolea, kabla hujakata.

Asipopokea, piga tena. Asipopokea tena, panda ngazi inayofuata kwenye utaratibu wenu. Hilo si kumvunjia daktari heshima, ndiyo maana ngazi ziliwekwa.

Utajua umefaulu simu ikikatika huku unajua nani anakuja, atafika lini na wewe unafanya nini hadi afike.

## Hatua ya 7: Andika ulichokifanya, na hakiki kilichoandikwa na mashine

Andika saa ya tahadhari, saa uliyofika kitandani, vipimo, alama, uliyempigia na alichojibu. Unapofunga tahadhari isiyo ya kweli, sababu iwe ya kitabibu. "Tahadhari ya uongo" haitoshi. Andika hivi:

"Mapigo 118 yalipimwa mgonjwa akitoka kutembezwa. Baada ya kupumzika dakika 15 ni 84. Anapumua mara 16, anajitambua, NEWS2 ni 0. Nitapima tena baada ya saa moja."

Siku hizi baadhi ya mifumo inajitolea kukuandikia rasimu ya ripoti, ama kutoka kwenye chati ama kwa kusikiliza sauti yako. Inaokoa muda, na sina tatizo nayo, mradi uisome neno kwa neno. Utafiti wa mwaka 2024 kuhusu Whisper, programu ya OpenAI ya kugeuza sauti kuwa maandishi, ulikuta karibu asilimia 1 ya sauti zilizopimwa zilizalisha vifungu ambavyo hakuna mtu aliyevitamka. Vinasomeka vizuri kabisa, na ndiyo hatari yake: macho hayakwami popote. Kagua hasa dozi na vipimio vyake, upande wa kulia na kushoto, mzio, saa, na maneno ya kukanusha. "Hana maumivu ya kifua" ikigeuka "ana maumivu ya kifua", anayekupokea zamu ataanza kazi tofauti kabisa. Ukishaweka sahihi, ripoti ni yako yote, na iliyobuniwa na mashine imo.

Onyo kali: usinakili taarifa za mgonjwa kwenye programu ya akili mnemba ya bure iliyo kwenye simu yako, wala usiipigie picha chati au kidonda ili ikusaidie. Kufuta jina hakutoshi. Ugonjwa adimu, umri, wodi na tarehe vikikaa pamoja vinamtambulisha mtu. Tumia chombo kilichoidhinishwa na hospitali peke yake.

## Hatua ya 8: Mfumo ukinyamaza na wewe una wasiwasi

Ita. Hatua hii ni fupi kwa sababu haina masharti. Mwongozo wa NEWS2 wenyewe unasema wasiwasi wa mtoa huduma unatosha kuomba tathmini ya haraka hata alama zikiwa chini. Kumbuka ile asilimia 67 ya Michigan: hao wote ni wagonjwa ambao skrini ilikaa kimya juu yao. Kwenye simu sema wazi: "Alama zake ni ndogo, lakini hayuko kama alivyokuwa, na naomba umwone."

## Hatua ya 9: Kabidhi zamu, na pimeni mfumo wenyewe

Kwenye makabidhiano taja tahadhari zote za zamu, zile zilizofungwa pia, na kipimo kinachofuata ni saa ngapi. Usimkabidhi mwenzako kwa maneno "mfumo umempa hatari ndogo". Mkabidhi kwa vipimo.

Kisha wekeni daftari moja wodini, lenye safu nne: tarehe, tahadhari ilitokea au haikutokea, mgonjwa alizidiwa au hakuzidiwa, aliyegundua wa kwanza ni nani. Msiandike majina ya wagonjwa. Mwisho wa mwezi toeni hesabu mbili: kati ya tahadhari zote, ngapi zilikuwa za kweli, na kati ya wagonjwa waliozidiwa, wangapi mfumo haukuwaona. Hesabu ya kwanza inaonyesha mnachoshwa kiasi gani. Ya pili inaonyesha mnadanganywa kiasi gani.

Pelekeni hesabu hizo kwa wanaosimamia mfumo, mkiwa na ombi mahususi: kiwango cha kutoa tahadhari kipandishwe au kishushwe, tahadhari zinazojirudia kwa mgonjwa mmoja ziunganishwe, au muuguzi wa wodi aingie kwenye kamati inayoamua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 kuhusu maadili ya akili mnemba katika afya unataka binadamu abaki na mamlaka juu ya maamuzi ya tiba. Kamati isiyo na muuguzi haiwezi kutimiza hilo wodini.

Daftari hilo lina kazi nyingine. Siku moja mtu atapendekeza wauguzi wa usiku wapunguzwe au mizunguko ya vipimo ipungue, kwa hoja kwamba mfumo unawaangalia wagonjwa. Dunia tayari ilikuwa na upungufu wa wauguzi milioni 5.8 mwaka 2023 kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo kishawishi hicho hakiko mbali. Fungueni daftari kwenye safu ya nne, onyesheni ni mara ngapi aliyegundua wa kwanza alikuwa muuguzi, na, kwa kuangalia saa za vipimo kwenye mfumo, ni tahadhari ngapi za kweli zilitokana na kipimo ambacho muuguzi aliingiza ndani ya saa iliyotangulia. Mizunguko ikipunguzwa, vipimo hivyo havitakuwepo. Ombeni jibu la maandishi kuhusu nani atavichukua.